Nukta Nyekundu Chini ya Mlima Kenya

Mwezi wa Agosti mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye miezi michache nyuma alikuwa bado rais wa Marekani, aliwasili Nyeri, mji mchanga uliokuwa haujatimiza miaka saba tangu Waingereza walipojenga boma lao mahali hapo mwishoni mwa 1902, na kutoka hapo akakwea kuelekea misitu ya Mlima Kenya akitafuta ndovu. Katika mizigo ya wapagazi wake zilikuwamo bunduki za namna kadha wa kadha: ile nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland, aliyotunukiwa na mashabiki wake wa Uingereza kwa ajili ya wanyama wakubwa, na bunduki ya marisau ya mitutu miwili aliyopewa na mtengenezaji wake, Ansley Fox wa Philadelphia, ambayo aliisifu kuliko zote za aina yake. Lakini johari ya safari ile, ambayo ingalipotea bunduki zote zisingalifaa kitu, ilikuwa ni miwani. Jicho la kushoto la bwana huyu lilikuwa limefifia nuru kwa konde alilopigwa siku alizokuwa akishindana ngumi kwa mazoezi katika Ikulu ya Washington, na la kulia nalo halikuona mbali pasipo msaada wa kioo, hata ikambidi achukue miwani ya akiba, jozi juu ya jozi, kama askari achukuavyo risasi.

Wandorobo, wenyeji wa msitu wanaoijua kila njia ya mnyama, ndio waliomwongoza, yeye pamoja na mwindaji R. J. Cuninghame, katika mianzi na miti iliyosongamana hata mchana ukawa kama magharibi. Walipomfikia ndovu dume mwenye pembe nzuri, Roosevelt alimlenga kichwani, akafyatua mtutu wa kwanza, na mnyama akapepesuka pasipo kuanguka. Akafyatua wa pili, na ndovu akaporomoka. Kabla moshi haujatulia, kichaka cha upande mmoja kilipasuka na dume mwingine akatokeza karibu kiasi ambacho angaliweza kumfikia kwa mkonga wake, na Roosevelt, ambaye mitutu yake yote miwili ilikuwa mitupu, akaruka nyuma ya mti huku akipapasa risasi, Cuninghame akampiga yule mnyama, naye akageuka na kutokomea msituni. Katika umbali wa namna ile hapana jicho zima wala jicho bovu. Kuna bahati, na kuna mwenzi aliye na risasi.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu ndani yake imo shida yote ya kulenga shabaha, ambayo wahunzi na mafundi wa vioo wameihangaikia kwa karne nyingi. Mwenye bunduki ya kawaida hutakiwa kuviona vitu vitatu kwa mara moja: mfuo ulio karibu na jicho lake, chembe ya chuma iliyo puani pa mtutu, na mnyama aliye mbali, ilhali jicho la binadamu, hata likiwa la kijana wa miaka ishirini, haliwezi kukaza nuru yake ila mahali pamoja tu, hivyo kikionekana sawasawa kimoja, vile viwili huwa ukungu. Kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine kwa upesi usiomfanya atambue kazi yanayoifanya macho. Mtu aliyepita miaka arobaini na mitano huitambua sana.

Bunduki ya marisau ilikuwa na njia yake ya kuikwepa shida hiyo. Kwa kuwa hutema punje nyingi za risasi zinazotawanyika kadiri ziendavyo, na kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya ndege arukaye, haikupewa zaidi ya chembe ndogo ya shaba kwenye ncha ya mtutu, na mstadi wake hufundishwa asiitazame hata hiyo, bali amkazie ndege macho yote mawili, na kuuacha mwili uielekeze bunduki mahali ambapo ndege atakuwapo, wala si mahali alipo. Nchi inayouzunguka Mlima Kenya ilikuwa neema kwa watu wa mchezo huo. Katika nyika za Laikipia na kando ya mashamba ya Naro Moru na Nanyuki walikuwako kanga wa madoadoa, wakitembea makundi makundi, wepesi wa kukimbia na wazito wa kuruka. Katika misitu walikuwako kororo, wenye kishungi cha manyoya meusi utosini. Katika mbuga kavu za kaskazini, firigogo waliokuja kunywa maji kwa saa wanayoijua wao. Na juu zaidi, mahali pa mianzi na baridi, kwale mkubwa wa miguu myekundu aliyepewa jina la Frederick Jackson, mtaalamu wa ndege aliyekuja kuwa Gavana wa Uganda. Hata miongoni mwa waliolianzisha boma la Nyeri alikuwamo mpenzi wa ndege, Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, ambaye nguruwe mkubwa wa msituni alipewa jina lake mwaka 1904. Wataalamu waliokuja kuyachunguza makusanyo yake ya ndege, yeye akiwa ameshafariki, waligundua kwamba baadhi yao aliwaiba katika nyumba za makumbusho na kuwaandikia vibandiko vya uongo. Sielewi mtu aliyepiga ndege wengi kiasi kile alikosa nini hata akaiba wa wenzake.

Wenyeji wa nchi walikuwa na mizani tofauti kabisa. Wakikuyu, watu wa jembe na mifugo, hawakuihesabu nyama ya porini kuwa chakula cha mtu mwenye mbuzi wake, wakawaachia kazi hiyo Wandorobo, na Wandorobo walikuwa na mashimo ya kutegea, na upinde, na mshale uliopakwa sumu itokanayo na mti wa msunguti. Upinde huo haukuwa na alama yoyote ya kulengea. Ustadi wao haukuwa wa jicho peke yake, ulikuwa wa mguu na wa pua: kumsogelea mnyama kwa upande usiovuma upepo, kumngojea, kumkaribia mpaka hapana haja ya kupima, kisha kuifuata damu kwa subira mpaka sumu itimize kazi yake. Serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni zake za wanyamapori, kuanzia zile za mwaka 1900 hadi sheria ya 1909, alitakiwa kila mwindaji awe na kibali kilichonunuliwa kwa fedha. Na kwa kuwa Mndorobo hakuwa na fedha wala hakuruhusiwa bunduki, mtu yule yule aliyemwonyesha mgeni njia ya ndovu akawa jangili siku alipoifuata njia hiyo kwa niaba ya tumbo lake. Tangu hapo, swali lililotangulia mengine yote chini ya mlima huu halikuwa mtu anaionaje shabaha. Lilikuwa ni nani aliyepewa rukhusa ya kuinua bunduki, na mageuzi yote ya vioo na vyuma nitakayoyasimulia yaliingia katika nchi hii kupitia mlango huo mwembamba.

Jawabu la shida ya jicho lilikuwa limekwisha kuvumbuliwa hata kabla Roosevelt hajaiona Nyeri. Mwaka 1900, Howard Grubb wa Dublin, fundi wa darubini kubwa za kutazamia nyota, alisajili hati ya chombo ambacho hakikuhitaji mfuo wala chembe. Aliiweka alama mahali ambapo lenzi hukusanyia mwanga, akaifanya iakisiwe na kioo kinachopitisha nuru, hata mtazamaji akaiona alama hiyo kana kwamba imeelea huko mbali, juu ya shabaha yenyewe. Faida yake ni kubwa: jicho hukaza mahali pamoja tu, yaani kwenye shabaha, na alama huwapo pale pale, na lau mtu akikisogeza kichwa kidogo, kushoto au kulia, alama haihami kitu alicholenga. Wazo lilikuwa zuri kupita wakati wake, kwa kuwa palikosekana taa ndogo ya kuiangaza alama hiyo katika chombo cha kushikwa mkononi. Likalala miaka kumi na minane, kisha Wajerumani wakalifunga katika ndege zao za kivita mwaka 1918, na ilipozuka vita ya pili, vioo vya namna hiyo vilikuwa jambo la kawaida mbele ya marubani wa Spitfire na Hurricane. Nanyuki nayo ilijengewa uwanja wa jeshi la anga katika vita hiyo, na vijana kutoka ng'ambo wakaja kujifunza vita vya angani huku theluji ya Mlima Kenya ikiwatazama. Mkulima wa Nanyuki aliyewatazama wakipita juu ya shamba lake hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kioo cha rubani kingeweza siku moja kufungwa juu ya bunduki ya kupigia ndege.

Nuru kama msaidizi wa shabaha ilikuwa na mjuzi wake mwingine, naye alikuja kuishi Nyeri. Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital huko India mwaka 1875 na kupata sifa kwa kuwaua chui milia na chui waliokula watu, alihamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake Maggie, wakakaa Paxtu, nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, aliyokuwa amejengewa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, mwaka 1938. Usiku wa mwezi wa Mei 1926 alipomuua chui wa Rudraprayag, Corbett alikuwa amefunga tochi ya umeme kwenye bunduki yake. Akabonyeza, mwanga ukammulika chui na ncha ya mtutu kwa pamoja, akafyatua, kisha tochi ikafifia na kumwacha gizani asijue kama amepata au amekosa mpaka kulipopambazuka. Mtu anayeisoma habari hiyo leo huona wazi alichokitamani mzee huyo: alama yenye nuru yake mwenyewe, isiyomshtua mnyama wala kutegemea mwezi. Alipokuwa Nyeri hakuwinda tena kwa bunduki, alipendelea kamera. Hata hivyo, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alipolala Treetops, ile nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo na Eric Sherbrooke Walker mwaka 1932, Corbett alikaa penye ngazi na bunduki yake akilinda, na usiku huo huo Mfalme George wa Sita akafariki, binti akashuka mtini akiwa malkia pasipo yeye mwenyewe kujua. Corbett alifariki tarehe 19 Aprili 1955, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri, si mbali na alipozikwa Baden-Powell.

Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Corbett, Treetops ilichomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau, na hapo historia ya bunduki katika nchi hii huingia mlango ambao waandishi wa vitabu vya uwindaji aghalabu huupita mbio. Vijana waliokimbilia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikuwa na silaha chache mno za kiwandani, zilizotekwa au kuibwa, na zaidi ya hizo walikuwa na bunduki walizoziunda wenyewe: kipande cha bomba la maji kikawa mtutu, gogo lililochongwa likawa kitako, komeo la mlango likawa kipigio, nalo likivutwa nyuma na kuachiliwa hurushwa na mipira iliyokatwa kutoka katika tyubu za magari, na kugonga kitako cha risasi. Chombo hicho hakikuwa na mfuo wala chembe, na pengine kilipasuka na kumjeruhi aliyekishika. Tena si kwamba mafundi wake hawakujua kulenga. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika King's African Rifles, na bunduki ya kiwanda aliizoea; kilichokosekana kilikuwa chuma, wala haikuwa elimu. Dhidi ya mabomba hayo ya maji, serikali ilirusha ndege za Harvard kutoka uwanja wa Mweiga, mwendo mfupi kutoka mji wa Nyeri, zikidondosha mabomu katika msitu ambamo rubani hakuweza kumwona mtu hata mmoja. Ni kinyume cha ajabu: aliyekuwa na vyombo hakuona shabaha, na aliyeiona shabaha kwa hatua ishirini hakuwa na chombo.

Sheria za Hali ya Hatari ziliifanya bunduki, na hata risasi moja mfukoni, kuwa kosa la kifo, na katika miaka hiyo zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, wengi wao wakiwa hawakuhukumiwa kwa kuua, bali kwa kumiliki silaha au risasi, kwa mambo ya viapo, au kwa kukutwa pamoja na wenye silaha. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni, alipopigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa kwa bastola moja na risasi sita. Mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, katika mahakama iliyoketi Nyeri, hakuna kesi ya mauaji iliyohitajika ili apelekwe gereza la Kamiti na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika vijiji vya Tetu na Mathira, mzee aliyeishi zama hizo alikuwa na sababu nzuri ya kutoipenda bunduki hata baada ya uhuru, na msomaji asishangae kwamba mchezo wa kupiga kanga haukupata kuwa mchezo wa watu wengi wa Nyeri.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1975, kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kioo cha kwanza cha kielektroniki cha nukta nyekundu kwa ajili ya bunduki za kuwindia. Lile wazo la Grubb lilikuwa limepata taa yake: kitaa kidogo mno, kilichowashwa na betri, kinachotupa mwanga mwekundu juu ya lenzi iliyopakwa dawa ya kuirudisha rangi hiyo peke yake, na mengine yote yakapita. Mtu hufungua macho mawili, huona dunia kama ilivyo, na ndani yake nukta. Wawindaji wa nguruwe na paa wa Ulaya waliipokea kwanza, kisha majeshi. Na baadaye, katika Marekani, ikawafikia wawindaji wa bata mzinga, ambao ndio waliokipa chombo hicho kazi inayokifaa kabisa.

Bata mzinga wa porini, ndege wa ukoo mmoja na kanga kwa mbali, alikaribia kuangamia Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, akarudishwa kwa kazi ya subira ya kuwanasa waliobaki na kuwahamishia misitu mingine. Huyu hawindwi akiruka. Mwindaji huketi alfajiri ameegemea mti, amevaa nguo za rangi ya majani, anaiga sauti ya jike mpaka dume aje kwa miguu akitanua mkia, na humlenga kichwa na shingo tu, mahali pasipozidi upana wa ngumi ya mtoto, kwa umbali wa mita thelathini hadi arobaini, kwa bunduki ya marisau ambayo mdomo wa mtutu wake umebanwa ili punje ziende zimeshikamana. Yaani bunduki iliyoundwa ili isilengwe imefanywa ya kulengwa. Hapo chembe ya shaba huwa fedheha, kwani mtu akitaka kumwona ndege vizuri huinua shavu kutoka kwenye kitako, pasipo kujua, na punje zote humpitia jogoo juu ya utosi. Kioo cha nukta huuponya ugonjwa huo: shavu likiinuka kidogo, nukta hubaki pale pale alipolengwa. Na mzee wa miaka sitini, ambaye chembe ya shaba kwake imekuwa wingu, huiona nukta sawa na mjukuu wake. Ningependa kumwona Roosevelt akitazama ndani yake.

Lakini jua la bunduki hiyo halikuwahi kuchomoza Nyeri. Tarehe 19 Mei 1977, miaka miwili tu baada ya kioo cha Sweden kutoka kiwandani, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934, kikavunjika mwaka ule ule. Kwa muda ndege wa kitoweo walivumiliwa kupigwa kwa kibali. Hatimaye sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 ikautaja uwindaji wa anasa kuwa kosa la jinai. Wako wanaosema kwamba marufuku hayo yaliwanyima wenye ardhi sababu ya kumtunza mnyama, na hoja yao si ya kupuuzwa, maana Laikipia iliyosalia na wanyama wengi haiko ndani ya hifadhi za taifa. Mimi nachelea tu kwamba katika nchi ambayo kibali kilikuwa cha mgeni na kitanzi kilikuwa cha mwenyeji, kurudisha kibali hakungekuwa kurudisha haki.

Nukta nyekundu yenyewe ilifika chini ya mlima, kwa njia mbili, na zote mbili hazina uhusiano na kitoweo. Ya kwanza ni majeshi. Askari wa Uingereza wanaofanya mazoezi Nanyuki na Archer's Post hubeba bunduki iliyofungwa darubini ya kukuza, na juu ya darubini hiyo wamepandisha kioo kidogo cha nukta kwa ajili ya adui wa karibu. Ndicho kitu cha kwanza mtoto wa Nanyuki akionacho anapopishana nao barabarani. Ya pili ni kamera. Mwaka 2014 kampuni ya Olympus ya Japani ilitoa kamera iliyokuwa na kioo cha nukta ndani yake, kwa hoja ile ile ya Grubb: lenzi ya kuvuta mbali humpoteza ndege arukaye kwa kuwa inaona sehemu ndogo tu ya mbingu, bali macho mawili yakiwa wazi na nukta mbele yake, mpiga picha humfuata ndege asimpoteze. Mtu akiingia nayo katika hifadhi ya Nyandarua kwa lango la Ark au la Treetops, hulipa ada ya kiingilio na kuendelea na safari yake, wala haulizwi kibali cha silaha. Kwa kanga anayekimbia na kwa kororo anayejificha, chombo hicho ni msaada mkubwa. Ama kwa yule kwale wa Jackson wa kule juu penye vituo vya wapanda mlima, ambaye amewazoea watu hata huja kuokota makombo karibu na miguu yao, nukta haihitajiki kabisa.